Kesi ya Kitabu cha Waingereza

Uhuru ulikuwa bado mbichi waasi walipoteka Uvira, nami, mwalimu wa historia pale mtaa wa Kilibula, nikafikishwa mbele ya kamanda wao kwa kosa la kuwa na kitabu. Kilikuwa cha shule, cha Kifaransa, kikieleza yale Waingereza wa kwanza waliovuka bahari kwenda Amerika waliyoandika juu ya wenyeji waliowakuta. Nilidhani nimepona. Ni mambo gani yaliyo mbali nasi kuliko hayo?

"Soma," kamanda akasema. "Kwa Kiswahili."

Nikasoma kwamba watu wale huvaa ngozi za wanyama na kuchomeka manyoya kichwani. Kamanda, mwenye ngozi ya nyani kiunoni na manyoya ya jogoo kichwani, akakunja uso. Nikaruka ukurasa. Huko nako Waingereza waliandika kwamba kabla ya vita watu hao hupakwa dawa na mganga. Walinzi wake, ambao asubuhi ile walikuwa wamenyunyiziwa dawa ya kugeuza risasi kuwa maji, wakashika mikuki.

"Mwalimu, weye iko espion. Nani aliambia Baingereza mambo yetu?"

"Komanda, hii kitabu iko ya zamani sana."

"Ndiyo. Banatupeleleza tangu zamani."

Nikafunua kurasa nikitafuta tabia moja tu isiyofanana na ya waasi, mpaka nikafika mahali Waingereza wanakaribia kufa njaa na wenyeji wanawaletea mahindi.

"Bure?"

"Bure, komanda. Na wakawafundisha kuyapanda."

Akacheka. "Basi hao hapana siye. Siye hatuko bajinga vile."

Akaniachilia, tena akanisindikiza mwenyewe hadi nyumbani. Uani tukamkuta mama yangu akiwagawia wapiganaji wake mahindi ya kuchemsha, akiba yetu yote kutoka shamba letu la Nyakabere. Hakuna aliyemshikia mkuki.

"Mama, hawa ndio walioniteka," nikamnong'oneza.

"Beko na njaa, mwana wangu. Mugeni anakula kwanza."

Kamanda alisikia. Nikangoja anikamate upya. Badala yake alinawa mikono, akaketi, akapokea hindi lake.

"Mwalimu," akasema akitafuna, "kisha ile mahindi, bale bantu balipata nini?"

Sura iliyofuata, ya wenyeji kunyang'anywa ardhi na kuuawa, nilikuwa nimeisoma. Nikamtazama mama, aliyekuwa akimwongezea hindi la pili, nikasema bado sijafika huko.