Jiwe la Mama Chini ya Bomba

Mgeni wangu alikataa kunawa miguu, akasema chini ya lile jiwe kuna mwanamke.

Solveig, mama wa Kinorwei aliyepanga kwangu hapa kisiwani Carriacou, alikuwa ametoka kuogelea asubuhi, miguu imejaa mchanga. Akafika kwenye bomba la uani, akasimama pembeni ya jiwe la kukanyagia. Hataki kulipanda.

"Nimeota bibi mwenye kilemba cha manjano," akaniambia. "Anasema, mwambie Kosi maji ya chumvi yananiingia machoni."

Chai ikanipalia.

Jina langu Cosnel. Aliyeniita Kosi ni mama peke yake, na mama alikuwa na mwaka wa sita kaburini.

Na jiwe lile lilikuwa lake.

Tulia nikueleze. Kwetu mtu akifa hajapumzika mpaka awekewe jiwe lenye jina lake, na siku hiyo kijiji kizima kishibe, kinywe, ngoma zipigwe. Jiwe la mama nililichongesha mapema. Karamu ndiyo niliyokuwa naipiga danadana. Mwaka wa kwanza nikajenga chumba cha wageni. Wa pili, chumba kingine. Wa tatu, baraza ya kutazamia bahari. Pale bombani palipoanza kujaa tope, nikalilaza jiwe, jina likatazama chini.

"Wiki moja tu," nilimwambia dada yangu Verna.

Wiki ikawa miaka mitatu. Ni wageni wangapi wamesugulia nyayo zao mgongoni mwa mama yangu, sijui. Nilitamani ardhi inimeze.

Haikupita hata wiki mbili, nikachinja mbuzi watatu. Mbaazi zikapikwa, matonge ya ugali yakafinyangwa. Jiwe nikaliosha kwa ramu kwa mikono yangu mwenyewe, tukalifunika shuka jeupe, tukalipeleka kaburini. Nililia mbele za watu bila haya.

Watu walipotawanyika nikamfuata dada jikoni.

"Mama si angenijia mimi mwanawe? Kwa nini amwendee mgeni?"

Dada alikuwa anakwangua sufuria. Hakuniangalia.

"Yule hakuota kitu. Nilimfundisha mimi, mpaka hilo jina."

"Dada, yaani umenidanganya?"

"Miaka sita nakusemesha, mdogo wangu. Nimepiga magoti hapo hapo bombani, ukaniambia nakuharibia biashara. Mgeni hata wiki hakumaliza, kasema mara moja tu, umechinja mbuzi."

Akaendelea kukwangua. Mimi nikabaki nimeshika mlango.

Jiwe liko mahali pake sasa. Ila wenzangu, kama nyumbani kuna mtu anakwambia jambo lile lile kila mwaka na wewe umemzoea, msikilize leo.

Mama nimeshamwomba radhi kaburini. Dada ninakutana naye kila siku, na bado sijaweza.