Ngamia wa Shemeji na Kinda la Tumbusi

Fisi walimla ngamia wa shemeji yangu akiwa katikati ya kuzaa. Ndama alikuwa ametoa kichwa na miguu ya mbele tu. Wakaanza na yeye, kisha wakaendelea na mama palepale. Tulipofika asubuhi ngamia alikuwa bado anapumua. Shemeji, mdogo wake mke wangu, alimmaliza kwa kisu cha shingo, akabaki amechuchumaa huku damu ikiloanisha viatu vyake vya tairi. Naanza na hilo kwa sababu nikianza na ndege nitakuwa nimempunja.

Kazi yangu ni ndege. Shule niliacha kabla ya mtihani wa mwisho, kwa hivyo nikisema mimi ni mtafiti naona haya. Watafiti wenyewe wako mbali, mimi ni macho yao huku Ngaremara. Natembea kando ya laga, ule mto wetu wa mchanga, naangalia migunga yenye viota na kuandika ndege gani analalia, gani ameacha, mti upi umekatwa kwa ajili ya makaa. Ndege hao ni tumbusi, ambao hapa kwetu huitwa tai tu, na wengine huwaita wachafu. Hutaga yai moja. Likiharibika, basi mpaka mwaka mwingine. Kiangazi hiki viota vya upande wetu vyote viliharibika isipokuwa kimoja, juu ya mgunga mkubwa chini ya boma letu, na ndani yake mlikuwa na kinda. Nilitaka liruke. Sijui kueleza zaidi ya hapo.

Yanayofuata niliyajua baadaye, lakini nayaweka hapa kwa kuwa ndipo mahali pake. Shemeji alijua fisi watarudi kumalizia mzoga. Alienda mjini akanunua dawa ya wadudu, ile ya chembe za zambarau ambayo wakulima wa nyanya hutumia, akaipaka kwenye mapaja na ndani ya mbavu. Halafu akaufunika mzoga wote kwa matawi ya miiba ili ndege wasiguse mchana. Jioni angefunua. Huo ndio ukweli, na lazima niuandike: ndege aliwafikiria. Ila hakumwambia mtu, hata dada yake, kwa sababu dada yake anaishi na mimi.

Sasa, huku kwetu matawi ya miiba yakilala kando ya njia hayana mwenyewe. Mke wangu alipita na fimbo yake ya kulabu akitafuta ya kuziba boma, maana fisi walikuwa wameonja. Akayavuta moja moja mpaka mzoga ukabaki wazi. Aliona ni nyama inayooza, basi.

Mimi niliwaona tumbusi wakishuka nikiwa kwenye laga. Kwa kweli nilifurahi, nikafikiri leo watashiba. Kisha mmoja akapaa, akayumba, akaanguka kama gunia lililotupwa kutoka kwa lori. Nikakimbia.

Walikuwa wametapakaa kuuzunguka ule mzoga, kucha zimejifumba kama ngumi, shingo zimepinda nyuma, midomo inatoa povu. Mmoja alikuwa akijiburuta kwa mabawa kuelekea kwangu, sijui kama aliniona. Nilimpiga rungu la kichwa. Nikampiga na wa pili, yule nikakosea na ikabidi nirudie. Niliandika baadaye kwamba niliwapunguzia mateso. Sina hakika. Mkono wangu ulikuwa na hasira.

Tumefundishwa kwamba mzoga wa sumu ni moto kwanza, maswali baadaye. Nikakusanya kuni juu yake. Nilipotoa kiberiti, shemeji akatokea mbio.

"Shemeji, weka hicho kiberiti chini."

"Kumbe ni wewe?"

"Ni mimi. Weka chini. Fisi wangu wanakuja jioni."

"Umeona hawa waliolala hapa?"

"Nimeona. Na wewe ngamia wangu ulimuona? Ulimuandika?" Akawa anacheka bila furaha. "Daktari wa tai! Ndege akifa unalia, ngamia akiliwa unauliza ilikuwa saa ngapi."

Na ni kweli. Asubuhi ile nilikuwa nimemuuliza hivyo, kwa mazoea ya kazi.

Nikawasha njiti. Akanichapa fimbo ya mdomo, jino likavunjika. Nikamvamia kwa kichwa tumboni, tukaanguka sote juu ya mbavu za ngamia, tukabingirika katika utumbo na manyoya. Alinipiga ngumi sikioni. Nikapata shingo yake nikaikaba. Ningependa kusema nilitaka kumtisha tu, lakini macho yake yalianza kugeuka na mimi sikulegeza.

Kilichonilegeza ni kulabu ya mke wangu mgongoni. Alikuwa amesikia kelele. Alinivuta kama anavyovuta matawi, nyama ikachanika, kisha akamgeukia ndugu yake akamtandika mabegani.

"Mna wazimu? Mnapigania mzoga kama nyinyi ndio fisi?"

"Nani alitoa miiba yangu?" shemeji akauliza akikohoa.

"Ni mimi. Mbona hukusema ina sumu?"

"Ningekuambia, ungemuambia huyu."

"Ee, ningemuambia."

Mke wangu akaokota kiberiti mchangani, akawasha moto yeye mwenyewe. "Watoto wanapita hapa," alisema. "Mbuzi wanalamba hapa."

"Na mimi nimebaki na ngamia mmoja wa maziwa," shemeji akasema. "Hao fisi nitawaambia nini?"

"Tutakesha na huyo ngamia," dada yake akajibu.

Moto ulikuwa umeshika mafuta ndipo mke wangu akaonyesha juu. Tumbusi mmoja alikuwa akipaa kutoka kichakani, kifua kimejaa damu, koo limevimba kwa nyama, akielekea kwenye mgunga mkubwa.

"Yule amekula," akasema.

Nilikimbia vile sijawahi. Tumbusi habebi nyama kwa kucha, huimeza na kuitapika mbele ya mtoto. Nilipofika chini ya mti alikuwa ametua, na kinda limeinua mdomo. Nikaokota mawe nikaanza kumtupia. Mimi, ambaye nimewafukuza watoto wa watu wanaorusha mawe pale. Nilikosa. Nikakosa tena. Mdomo wa kinda ulikuwa tayari unagusa wa mama.

"Wewe huna mkono," mtu akasema nyuma yangu. Ni shemeji, pua inavuja, shingo ina alama za vidole vyangu. Jiwe lake lilimpata ndege kifuani, tukausikia mgongano. Ndege akainama ukingoni mwa kiota, akatapika, tonge jekundu likaanguka mchangani karibu na miguu yetu. Kisha akaruka kwa shida hadi mti mwingine, mabawa yamelegea.

Tulifukia lile tonge tukitumia viatu. Juu, kinda lilikuwa likilia.

"Litakufa njaa," shemeji akasema.

"Afadhali njaa."

Yule mama alikaa kwenye mti wa pili bila kusogea, na sikujua kama ni sumu au ni jiwe. Kesho yake dume alikuja kutoka upande wa mlima akalisha. Baada ya siku kadhaa mama naye akarudi kiotani.

Yule ngamia aliyebaki tulimlinda kwa moto kwa zamu. Lakini watu huchoka. Alfajiri moja tukiwa tumesinzia, fisi wakamng'oa kiwele, akabaki hai akivuja damu na maziwa pamoja. Shemeji alimuuza kwa mchinjaji mjini. Kama mzoga ule usingechomwa, huenda fisi hao wangekuwa wamekufa. Nimejaribu kuandika kwamba sivyo, nimeshindwa.

Kinda liliruka wiki iliyopita. Shemeji alikuwa kwetu, amekuja kuchukua maziwa ya mbuzi ya mtoto wake. Akasimama na kibuyu mkononi, akatazama juu.

"Ni huyo?"

"Ni huyo."

Alimtazama mpaka ndege akapita juu ya laga. "Ni mkubwa," akasema, kisha akamgeukia dada yake amjazie kibuyu.