Pamba Masikioni

Kwa miaka ishirini na sita Fundi alitengeneza lifti za majengo marefu ya mjini. Kazi yake ilikuwa kukaa juu ya paa la lifti, tochi mdomoni, akisikiliza kamba za chuma zinalia wapi. Ukikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita, sauti yake ndiyo iliyokushukia kutoka juu, ikikwambia utulie, ukae chini, usibonyeze kitu. Watu walimsifu kwamba ni mtu makini, asiyecheza na roho za watu.

Alipotimiza miaka hamsini na mbili akaagiza ndege. Si nzima. Ndege hizi za kujiundia nyumbani huuzwa kwa mafungu, na fungu la kwanza ni mkia, ili anayeshindwa ajue mapema kwamba mabawa hayawezi. Yalikuja masanduku mawili ya mbao, yamejaa mabati ya alumini yaliyokwisha kukatwa, mbavu za kuyashikilia, na mifuko ya ribiti, vile vipini vya kuunganishia mabati, ndogo kama punje za mtama. Akayapanga stooni, nyuma ya nyumba.

Mkewe alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Watoto wao wawili, mapacha, walikuwa wameshahama, lakini wenyewe waliendelea kuitana Baba Pacha na Mama Pacha. Alisimama mlangoni mwa stoo, akayatazama yale mabati.

"Wenzako hula ng'ombe mzima wakashindwa mkia," alisema. "Wewe umeanzia hapohapo pa kushindwa."

"Ngoja niumalize, utaona."

"Nitaona nini, na mwenye ng'ombe bado hajaleta ng'ombe?"

Miezi ya mwanzo alifanya kazi peke yake. Alitoboa, akalainisha kingo za matundu moja baada ya jingine, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Ikafika zamu ya kupiga ribiti, na hapo akagundua kwamba mikono miwili haitoshi. Mtu mmoja husimama nje na bunduki ya hewa, inayosukumwa na mashine ya kompresa, akigonga kichwa cha ribiti. Mwingine huingiza mkono ndani, akakandamiza kipande kizito cha chuma upande wa pili, ili ncha ya ribiti ibondeke na kuyabana mabati. Mkono wa Fundi haukupita kati ya mbavu. Wa Mama Pacha ulipita.

Kinga za masikio, zile za vikombe viwili vyenye sponji, zilikuwa moja tu. Alipoziagiza hakuwazia msaidizi. Jumamosi ile ya kwanza alizivaa mwenyewe kama alivyozoea kuvaa kofia ya kazi, na Mama Pacha akaingia ndani kuchukua pamba, akaisokota, akajiziba.

Kitabu cha maelekezo kilikuwa wazi mezani. Ukurasa wa nne ulisema kwamba wote wawili, mpigaji na mshikaji, lazima wavae kinga, na kwamba mshikaji ndiye aliye hatarini zaidi, kwa kuwa yeye huinamia ndani kelele inakovumia. Fundi aliusoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Kisha akafungua ukurasa wa tano. Alijiambia atatafuta kinga nyingine wiki ijayo. Ilipofika wiki ijayo alikuwa na lifti iliyokwama hospitalini, na ile iliyofuata akajiambia kwamba pamba nayo si haba.

Jambo lililomuumiza baadaye kuliko yote ni kwamba Jumamosi zile zilikuwa na raha. Walikuwa hawajakaa hivyo, uso kwa uso, tangu mapacha wakiwa wachanga. Fundi akiuliza, "Tayari?" mkewe akijibu, "Piga, mume wangu, piga," kisha mlio unajaza stoo, bati linatetemeka, na Mama Pacha amefumba macho, shavu lake limegusa ubavu wa mkia. Wakimaliza safu moja walikunywa chai palepale, wamekalia sanduku.

Mwezi wa tatu wa Jumamosi zile, wakiwa wanakula, Mama Pacha aliacha kijiko.

"Hujazima kompresa?"

"Nimezima."

"Mbona naisikia? Inapiga kama mluzi, kwa mbali."

Fundi alijua papo hapo. Mtu aliyeishi kwa kusikiliza mashine hawezi kutojua. Ukurasa wa nne ulimjia mzimamzima, hadi pale ulipokunjwa pembeni. Akameza tonge, akasema, "Labda ni ya jirani."

Mama Pacha akaitikia kwa kichwa, akaendelea kula.

Bado ulibaki usukani wa nyuma, lile bati la wima linalogeuza ndege kushoto na kulia. Zilihitajika Jumamosi tatu. Fundi akazichukua zote tatu, kinga masikioni mwake, pamba masikioni mwa mkewe. Alijitetea moyoni kwamba madhara kama yapo yameshakuwapo, na kwamba akileta kinga sasa itakuwa kama kukiri. Mkia ukakamilika. Waliubeba pamoja hadi uani, jirani wakaja kuushika na kuugonga kwa vidole. Waliompa mkono Fundi walikuwa wengi. Kila alipopewa aliona haya, wao wakadhani ni unyenyekevu.

Aliyelisema wazi alikuwa mdogo wake Mama Pacha, aliyekuja kukaa kwao siku nne. Siku ya pili alimfuata Fundi uani.

"Shemeji, dada hasikii."

"Anasikia. Amechoka na shule."

"Namwita yuko jikoni, amenipa mgongo, hageuki. Mara tatu. Na shuleni mwalimu mwenzake ameniambia watoto wakisoma kwa sauti ndogo anawarudishia daftari bila kuwasahihisha. Hawasikii, shemeji. Mnaishi nyumba moja, wewe hujaona?"

Walikwenda kliniki. Mama Pacha aliingizwa kwenye chumba kidogo chenye dirisha la kioo, akapewa kitufe cha kubonyeza kila asikiapo mlio. Kila akibonyeza, taa ndogo iliwaka nje. Fundi alikaa kwenye benchi akiitazama ile taa. Iliwaka, ikawaka tena. Halafu ikakaa muda mrefu bila kuwaka, na ndani ya kioo mkewe ameinamisha kichwa, anasubiri kwa utiifu kama mtoto wa darasani kwake.

Daktari aliwakalisha wote wawili. "Sikio la kushoto limepungua sana, na la kulia kidogo. Mama, umewahi kufanya kazi penye kelele nyingi?"

Mama Pacha alimtazama mumewe. Hakumkazia macho. Alimtazama tu kwa muda wa pumzi moja, akimwachia nafasi.

Fundi alitazama viatu vyake.

"Nafundisha darasa la kwanza," Mama Pacha akasema.

Daktari akacheka, akaandika.

Walipofika nyumbani, Fundi alipitiliza hadi stooni, akarudi na kitabu cha maelekezo, akakiweka mezani mbele ya mkewe, kimefunguliwa ukurasa wa nne. Akauonyesha kwa kidole.

"Najua," alisema Mama Pacha. "Nilikisoma kabla sijakushikia hata ribiti moja. Ulikuwa kazini. Nilitaka kujua ni kitu gani hiki kinachokufurahisha hivi."

"Kwa nini hukusema?"

"Jumamosi ya kwanza nilidhani umesahau. Ya pili nikadhani utazivua unipe, au utasema tupokezane. Baada ya hapo nikaona haya kuomba. Mtu akuombe vipi kitu ambacho umeshakisoma?" Akafunga kitabu. "Na jirani hana kompresa, Baba Pacha. Ana mbuzi wawili na baiskeli."

Fundi alilia. Mama Pacha hakulia, wala hakumnyamazisha.

Kesho yake Fundi alirudi kliniki peke yake akamweleza daktari yote, mwezi kwa mwezi. Daktari alifuta alichokiandika, akaandika upya, akamwambia kwamba kilichoharibika hakirudi. Jioni Fundi akampigia simu shemeji yake, akamweleza vilevile. Shemeji alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Asante kwa kuniambia," akakata. Ilipita karibu nusu mwaka kabla hajamsalimia tena.

Fundi alitaka kuuuza mkia. Mama Pacha ndiye aliyekataa.

"Ukiuuza watu wataniuliza nilikukataza kwa nini. Usinibebeshe na hilo. Endelea. Ila stooni mimi siingii tena."

Mabawa yalipokuja, Fundi alimleta fundi mwenzake wa lifti amshikie, na kinga zilikuwa mbili, zinaning'inia kwenye msumari mmoja. Kazi ilikwenda vizuri. Mwenzake alisema hajaona ribiti zilizonyooka kama zile za mkia, akauliza nani alizishikia. Fundi akamwambia, na hakuficha kitu.

Shuleni walimpunguzia Mama Pacha watoto, akawa anawaita mmoja mmoja waje kusoma upande wake wa kulia. Nyumbani Fundi alijizoesha kukaa upande huohuo, na kutomsemesha akiwa amempa mgongo. Kila asubuhi, kabla ya chai, alimuuliza, "Mluzi leo vipi? Umetulia?"

Asubuhi moja Mama Pacha aliweka kikombe chini.

"Nikuombe kitu. Usiniulize tena. Kuna siku naamka nimeusahau, nafika hata mlangoni. Ukiniuliza ndipo naanza kuusikia."

Tangu siku hiyo hakumuuliza tena. Humtazama tu akifunga vifungo vya gauni la shule, akichukua mkoba, akifika mlangoni. Swali linampanda hadi kooni, naye hulimeza na chai.