Utepe Juu ya Dawa

Katoni zilikuwa sita. Zilifika Kolwezi kutoka Kinshasa siku ya Alhamisi, kila moja imefungwa utepe wa rangi za bendera na kubandikwa karatasi ya kueleza kwamba serikali ndiyo iliyogharamia. Nilizipokea kwa saini yangu mwenyewe, mimi mwanagenzi nisiye na mshahara, mwenye digrii ya sheria na ahadi ya mkataba "baada ya remise".

Remise ni sherehe ya kukabidhi. Kwetu kitu cha serikali hakijawa kitu mpaka kikabidhiwe. Kiwe kisima, viti au madawati, husubiri hotuba, picha na mkubwa wa kukata utepe. Niliwahi kuona gari la wagonjwa likikaa wiki nyingi chini ya turubai, na watu wakipita mbele yake wamebeba wagonjwa kwenye pikipiki. Wakati ule nilikuwa mwanafunzi, nikacheka.

Ndani ya katoni mlikuwa na dawa za wanawake waliobakwa, za kuzuia virusi vya UKIMWI na mimba. Hazifai kitu zisipoanza kumezwa kabla ya siku tatu kupita, na kila saa inayopotea huzipunguzia nguvu. Ofisi yetu, ya serikali ya masuala ya wanawake, iko ua mmoja na kituo cha afya. Nesi wa kituo hicho alikuwa ameishiwa kabisa na dawa hizo. Zetu zilikuwa hatua ishirini kutoka kwake, katika chumba ambacho ufunguo wake niliuweka mimi. Remise ilipangwa Ijumaa ya wiki iliyofuata.

Jumatatu asubuhi nesi alimtuma kwangu mwanamke kutoka mtaa wa Kasulo, muuza mikate kwa wachimba madini. Shemeji yake alikuwa amemwingilia kwa nguvu Jumapili jioni. Alinieleza akitazama katoni, maana mlango wa chumba ulikuwa wazi. Nilimwandika kwenye daftari, nikaenda kumwambia shefu.

Shefu alikuwa akichagua rangi ya vitambaa vya meza. Hakukasirika. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kunawa.

"Tukikata kamba ya bendera sasa, ba-autorités, bale bakubwa, batapokea nini? Makatoni matupu? Mwambie mama akuye siku ya Ijumaa."

Nikamwambia. Nilitumia maneno hayo hayo, na nikaongeza "pole".

Siku hiyo nzima nilihesabu saa. Jumapili jioni hadi Jumatatu jioni, siku moja. Hadi Jumanne, mbili. Niliandika ujumbe kwa mkubwa wa shefu, nikaufuta, nikauandika tena kwa maneno laini zaidi, nikaufuta. Nilifikiria kosa la kuharibu mali ya serikali, nikatafuta kifungu chake katika kitabu cha sheria, kana kwamba hapo ndipo palipokuwa na kosa. Jumanne ilipita hivyo. Niliogopa kupoteza kazi ambayo hata sikuwa nayo.

Jumatano saa sita mchana, shefu alipokwenda kula, nilijifungia chumbani. Nililaza katoni moja kifudifudi, nikaipasua chini kwa wembe ili utepe ubaki salama juu, nikatoa kifurushi kimoja, nikaziba kwa gundi ya karatasi. Mikono ilinuka gundi na jasho. Nesi alikipokea bila kuniuliza nimekitoa wapi. Alimpigia simu yule mama aje upesi, kisha akanigeukia.

"Hii ungeleta Jumatatu," alisema.

Ijumaa wakubwa walikuja. Meza zilitandikwa kitambaa kilichochapishwa picha ya mwanamke anayevunja mnyororo. Hotuba ilisema serikali imewafikiria wamama. Ilikuwa ndefu, na mara tatu ilitaja pesa zilizotolewa bila kutaja hata mara moja siku tatu. Kisha mtu wa itifaki akaja kumnong'oneza shefu kwamba kamera inahitaji mwathirika wa kupokea, na shefu akanikumbuka mimi na daftari langu.

Nilipiga simu. Ndiyo, nilipiga. Nilimwambia yule mama anaombwa aje apokee kifurushi mbele ya wageni, na kwamba uso wake unaweza kufunikwa.

Nilisikia pikipiki upande wake.

"Siku ya kwanza nilikuya, mukaniambia kamba ya bendera haiyakatwa," alisema. "Leo munaniita juu ya kukata kamba?"

Akakata simu. Basi katibu wetu, ambaye alikuwa amesuka nywele kwa ajili ya siku hiyo, akafunikwa kitenge kichwani, akainama, akapokea. Mgeni rasmi aliinua katoni ileile niliyoipasua. Kutoka niliposimama niliiona gundi, imejikunja. Hakuna aliyetazama chini yake. Watu walipiga makofi, kisha wakala kuku, na bwana mmoja akajifuta mafuta ya vidole kwenye ncha ya kitambaa, juu ya mnyororo. Niliacha sahani yangu nikaenda nyuma ya choo. Nilikaa huko mpaka magari yao yakaondoka.

Mkataba nilipewa. Niliusaini.

Miezi mitatu baadaye yule mama alirudi kwa nesi kupimwa mara ya mwisho. Nilikaa ofisini nikijifanya kusoma, kalamu imekauka mkononi. Alipotoka alipita kwenye korido yetu, akanionyesha karatasi bila kunipa: hakuwa na virusi. Kisha akasimama mbele ya picha ya remise, ile kubwa iliyowekwa fremu.

"Huyu ni nani?" aliuliza.

Nilifikiria majibu mengi, kama kawaida yangu, na lililotoka ndilo la kweli.

"Ni wewe, mama."

Aliisogelea, akaichunguza kuanzia kitenge hadi chini, pale viatu vyekundu vya katibu vilipong'aa.

"Mulinivalisha biatu bizuri," alisema, akakunja karatasi yake na kwenda kuuza mikate.