Milamula ya Mdogo Wangu

Kwa miaka mitatu nilimshika mdogo wangu wa kike mkono kumpeleka shule, na sitajisifu hata kidogo. Nilimvuta kama mbuzi wa mnada. Yeye alikuwa haoni tangu alipougua surua akiwa mchanga, na mimi nilikuwa na haraka tangu kuzaliwa. Akijikwaa namgombeza, akicheka namgombeza zaidi. Mdomo huu mnaoulalamikia leo nilikuwa nao tangu enzi ya Mwingereza.

Kwetu ni upande wa Muleba. Kijiji chetu kilikuwa migomba mitupu, na kijiji cha pili chenye shule kilikuwa migomba mitupu vilevile. Katikati palikuwa na rweya, mbuga ya majani isiyo na nyumba wala mti, mali ya watu wote, ambako ng'ombe walilishwa na akina mama walikata majani ya kutandika ndani. Kwenye migomba mdogo wangu hakunihitaji. Alijua yuko kwenye kibanja, yaani shamba la migomba, cha nani kwa nyayo zake tu: hapa matandazo mazito, hapa mizizi ya mbuni, hapa kwa yule mwenye mbwa mchokozi. Rweyani ndiko alikopotea. Vijia vya ng'ombe vilikatana ovyo, na mara mbili alizojaribu kuvuka peke yake tulimkuta ameketi chini, anahesabu kwa sauti ili asilie.

Mwalimu alimpokea akisema masikio yake hayana kasoro, na kweli hesabu za kichwa alitushinda wote. Lakini alisoma kwa kusikia tu. Sisi tukikosa siku moja tulinakili kwenye daftari la mwenzetu. Yeye akikosa, lililosemwa limekwenda zake.

Nilipomaliza darasa la nne ikaja barua: nimepata nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, ya masista, Bukoba mjini. Tata, ndivyo tunavyomwita baba kwa Kihaya, aliisoma mara mbili, kisha akamtazama mdogo wangu. Mama alikuwa na mtoto mgongoni na shamba la kulima, Tata mwenyewe alikuwa na kahawa, na hapakuwa na mwingine nyumbani.

"Nani atamvusha rweya?" akauliza. "Labda usubiri mwaka mmoja."

Kila mtu alijua nafasi ya msichana haisubiri mwaka mmoja. Nilimchukia mdogo wangu siku ile. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Naye alinisikia nikilia jikoni, akapapasa ukuta hadi nilipo.

"Nenda, Dada. Mimi nitabaki. Kuhesabu nimeshajua."

Niliona aibu, nikageukia moto na kuchochea kuni ambazo zilikuwa zinawaka vizuri tayari.

Tata akaenda baraza la gombolola, mahali mwami, yaani chifu wetu wa gombolola, na wajumbe wake walipoamua kesi na kupanga kazi za barabara. Aliomba mtu wa kumvusha mtoto. Baraza halikuwa na mtu wa kutoa kila siku asubuhi na mchana, lakini lilikuwa na wanaume wa zamu ya barabara. Mkungu, yaani mkuu wa kijiji chetu, akashauri wapande milamula. Huu ndio mmea tunaoweka mipakani; ukichomeka kigingi chake kinachipua, na hakuna anayethubutu kuung'oa, hata mlevi. Kigingi cha mti mwingine kingekuwa kuni ndani ya wiki.

Walipanda asubuhi moja tu. Kila hatua mbili kigingi, urefu wa kifua changu, toka mgomba wa mwisho wa kwetu hadi mgomba wa kwanza wa ng'ambo. Mdogo wangu alivigusa kimoja kimoja, akaenda na kurudi, akaenda tena. Sisi tulipiga vigelegele. Hakuna hata mmoja wetu aliyekumbuka kwamba milamula ikipangwa mstari, kwa Mhaya yeyote huo ni mpaka.

Kabla ya jioni akaja mwenye ng'ombe wengi kuliko wote, mzee mwenye sauti kavu, na wanawe wanne. Nani ameigawa rweya? Akafungua kesi. Mwami akaagiza mtu asiiguse milamula wala asiifuate hadi kesi isikilizwe, na zilikuwa zimebaki siku sita shule zifunguliwe. Nilimlaani mzee yule kwa maneno ambayo masista wangenifukuzia hata kabla sijafika.

Siku ya baraza yule mzee akasimama, akamwita mwami kwa neno letu la heshima. "Waitu, mimi sina ugomvi na mtoto. Lakini mulamula ukisimama una mwenyewe. Leo mnasema ni njia. Tukishakufa sisi, wajukuu watasema ni mpaka, na mwenye nguvu atachukua upande mmoja. Nitajieni mwenyewe, au ing'olewe."

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alisema kweli. Mkungu akaapa si yake. Tata naye akaapa, maana angekubali angeitwa mwizi wa rweya. Nilishika mkono wa mdogo wangu.

Mwami akauliza, "Anayeitumia ni nani?"

Tata akamwonyesha.

Mwami akamgeukia karani. "Andika. Milamula hii mwenyewe ni huyu mtoto. Upana ni hatua moja. Haiuzwi wala hairithiwi. Siku atakapoacha kupita, rweya ni ya wote kama zamani." Kisha kwa mzee: "Umejibiwa?"

"Nimejibiwa, waitu."

Lazima mjue kwetu mambo yalikuwaje. Vibanja vilikwenda kwa wana wa kiume. Mama yangu alilima maisha yake yote ardhi isiyoitwa yake, na mimi niliyefaulu sikuwa na hata shina la mgomba. Na hapo karani anaandika mtoto wa kike wa miaka tisa. Kisha yule mzee akaja akapiga magoti kabisa, uso kwa uso na mdogo wangu.

"Mwenyewe, ng'ombe wangu wavukie wapi?"

Akafikiri muda mrefu, wakubwa wote wanangoja. "Popote. Ila wasisimame."

Shule zilifunguliwa Jumatatu, na mimi nilikuwa niondoke Jumanne. Jumatatu ile alikataa nimpeleke. Nikamwacha atangulie, nikavua viatu vyangu vipya vya bweni na kumfuata nyuma kwa kunyata. Alikwenda wima, mkono unapita kigingi hadi kigingi, haraka kuliko nilivyowahi kumvuta. Nilimtazama hadi macho yakaniuma. Katikati ya rweya akasimama.

"Dada, nakusikia."

"Nakusindikiza tu."

"Hapa ni kwangu. Piga hodi."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikasimama pale penye majani matupu, hakuna mlango wala ukuta, nikasema hodi. Aliningojesha kama wanavyongojesha watu wazima wenye nyumba zao.

"Karibu," akasema, akageuka akaendelea na njia, na mkono hakunipa.