Misalaba Miwili na Kistari

Mama yangu amefua nguo za watu kwa zaidi ya miaka hamsini, na hajawahi kumpa mtu hata soksi isiyo yake. Hajui kusoma. Badala ya majina ana alama. Kila mteja ana yake, imeshonwa kwa uzi mwekundu upande wa ndani wa kola: nukta tatu, ngazi, samaki, duara lenye mkia. Mwalimu mkuu alikuwa jongoo. Hakuambiwa.

Alama zinazoshonwa upesi na kuonekana vizuri si nyingi. Kwa hiyo mteja akifa au akihama, Mama hungoja mwaka mmoja, halafu alama ile humpa mteja mpya. Hilo tunalijua sisi wawili tu. Mimi ndiye niliyekuwa namtungia uzi kwenye sindano tangu nina miaka saba, na nilipomaliza darasa la saba nikashika pasi hadi leo. Kazi hii inanifaa. Nguo haikuulizi kitu.

Mwaka jana alikuja binti mmoja mtafiti, mpole, mwenye begi zito. Alikuwa akikusanya habari za vita kwa ajili ya tume inayochunguza mauaji ya kinuni. Kila mtu hapa anajua habari hiyo, ingawa huzungumzwa kwa mafumbo. Mgambo waliwakusanya wanaume thelathini na mmoja kwenye kinu cha kusagia unga, wakafunga mlango, na hakutoka hata mmoja. Mgambo wenyewe waliziba nyuso kwa vitambaa. Hakuna aliyeshtakiwa.

Binti alitoa kwenye begi shati la kaki, limechanika mkono.

"Mama, hili lilitunzwa na mjane mmoja. Mume wake alipokamatwa aling'ang'ania shati la mgambo mmoja likamvuka. Ndani ya kola kuna uzi. Nimeambiwa kama kuna anayeweza kuusoma, ni wewe."

Mama alipindua kola. Misalaba miwili na kistari. Aliishika muda mrefu, dole gumba likipapasa uzi.

"Hii ya Njiti," akasema.

Njiti ni fundi baiskeli, kibanda chake kiko mbele ya chetu. Jina alipewa kwa wembamba. Na kweli, mashati yake yote yana misalaba miwili na kistari. Lolote ulilotoa kwenye kamba yetu siku ile lingeonyesha hivyo. Binti aliangalia, akaandika, akapiga picha. Mimi nilikuwa nimesimama na pasi ya mkaa mkononi, mpaka nikasikia harufu ya suruali ya mtu ikiungua.

Habari ilifika sokoni kabla ya binti kufika kituo cha basi. Wateja wa Njiti wakaanza kusukuma baiskeli zenye pancha hadi mtaa wa tatu. Mtu aliandika kwa mkaa mlangoni kwake neno moja: KINU. Tume ilisema itamsikiliza baada ya miezi mitano.

Njiti alikuja kwangu na shati lake begani kama kawaida.

"Mdogo wangu, mimi nguo zangu mbili, moja mwilini, moja kwako. Nikiua mtu nitavaa nini?" Alicheka peke yake. Kisha akainama karibu. "Siku za kinu nilikuwa mateka ng'ambo ya mpaka. Nimerudi vita vimekwisha, ndipo nikaleta nguo kwa mama yako. Karatasi sina, zimeliwa na mchwa. Nyie mnakumbuka alama hii nilipewa lini?"

Nilifungua mdomo. Watu wawili walikuwa wanangoja nguo zao, wote wananitazama. Nikasema, "Shati litakuwa tayari Jumamosi."

Nilikumbuka vizuri mno. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa mgambo, aliuawa darajani vita vikikaribia kwisha, na watu wakasema alikufa akiwalinda. Mwaka ulipotimia, Mama aliniambia nitunge uzi. Nilipoona anachoshona kwenye kola ya mtu mgeni mwembamba, nililia. Ilikuwa alama ya Baba.

Siku nyingi nilizunguka na jambo hilo kama mwenye jino bovu. Mwishowe nikamwuliza, tukiwa tunakunja mashuka, yeye ncha hii na mimi ile.

"Mama, Njiti alipewa lini ile alama?"

"Zamani."

"Baada ya vita."

"Wewe ulikuwa mtoto."

"Mtoto aliyekutungia uzi. Nililia ukanipiga kofi. Ukasema alama si kaburi."

Alivuta shuka likanyooka kati yetu.

"Jina la baba yako litachongwa kwenye ukuta wa mashujaa," akasema. "Mimi sitaweza kulisoma. Wajukuu zangu watalisoma."

"Na Njiti?"

"Njiti hana watoto."

Akaleta ncha yake, akanikabidhi, akaenda kuchochea mkaa.

Kila mgambo alikuwa amepewa mashati mawili ya kaki. La pili la Baba lilikuwa kwenye sanduku la Mama, na kila mwaka alilifua na kulianika. Mchana, siku moja kabla ya tume kukaa, niliingia chumbani kulichukua. Nilimkuta ameketi dirishani, shati mapajani, wembe mkononi. Vipande vya uzi mwekundu vilikuwa vimemwagika kwenye kanga yake.

"Tafuta sasa," akasema.

Nililichukua, nikaipeleka kola kwenye mwanga. Uzi ulikuwa umefumuliwa wote. Lakini kitambaa kilikuwa kimepauka kwa jua na sabuni kila mahali isipokuwa pale ulipokuwa umekifunika. Misalaba miwili na kistari, kwa rangi ya kaki mpya.

Mama ndiye aliyenifundisha kwamba alama ya zamani haiondoki kwa kufumua. Ukitaka ipotee, unashona nyingine juu yake. Hakuna dobi asiyejua hivyo, sembuse yeye.

Nilimtazama. Alikuwa anaokota nyuzi moja moja.

"Lipeleke basi," akasema, "kabla sijatafuta sindano."

Mbele ya tume waliniambia nirudie mara tatu. Binti aliweka mashati mawili sambamba, kola kwa kola. Nilieleza alama zinavyorithiwa, na ile ilikuwa ya nani. Jina la Baba halikuchongwa. Mjane aliniangalia hadi nilipotoka. Hakuninyooshea kidole wala hakunishukuru.

Nyumbani Mama anakula, anafua, ananiita mwanangu kama zamani. Sanduku hafungui tena.

Njiti nilimwendea siku ileile. Alikuwa anasugua mlango wake kwa maji. Hakugeuka.

"Miezi mitano," akasema. "Miezi mitano, mdogo wangu, ulikuwa unanyoosha nini?"

Sasa anafua mwenyewe. Anaanika shati juu ya usukani wa baiskeli, limekunjamana, kola haijatakata. Nikiwa nimesimama kwenye pasi naliona mchana kutwa.