Mguu wa Enoch Pargeter

Katika karakana ya magari ya mashindano ya kina Hallowell, mjini Coventry, Uingereza, palikuwa na desturi ambayo haikuandikwa popote: fundi aliyefunga breki ndiye anayekaa kando ya dereva gari linapotoka kwa mara ya kwanza. Enzi za breki za ngoma, ambazo kila mtu alikwisha kuziamini, desturi hiyo ilikuwa mzaha tu. Lakini miaka michache baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kanisa kuu la mji lililopigwa mabomu likiwa bado halina paa, kampuni ilileta breki za diski: sahani ya chuma inazunguka pamoja na gurudumu, na pedi mbili zinaibana huku na huku. Enoch Pargeter ndiye aliyepewa kazi ya kuzifunga.

Enoch alikuwa mwoga, na alijijua. Tangu mabomu yalipouteketeza mji, hata mlango ukibamizwa tu anaruka. Asubuhi ya jaribio aliiacha chai mezani.

"Mwambie msimamizi tumbo linakuuma," mkewe Winifred alimshauri.

"Halafu akae nani, mke wangu? Breki nimefunga mimi."

"Na mimi nibaki kutazama picha yako ukutani?"

Alivaa kofia akatoka.

Jaribio lilifanyika kwenye uwanja wa ndege ulioachwa na jeshi. Dereva, Gilbert Tranter, alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Fundi, wosia umeuandika?"

"Sina cha kurithisha, Bwana Tranter."

"Na ile baiskeli? Mimi naitaka."

Waliondoka. Upepo ulimchapa Enoch usoni hadi machozi yakamtoka. Kila Tranter alipokanyaga breki, gari lilitulia kama lililoshikwa mkia. Tranter alipiga kelele za furaha. Enoch hakufurahi; mguu wake wa kulia ulikuwa unakandamiza sakafu tupu, kana kwamba upande wake nao una breki.

"Utatoboa gari la watu wewe!" Tranter alicheka. "Tuliza huo mguu!"

Enoch alijaribu. Mguu ulikataa.

Kisha wahandisi wa kampuni, waliokuwa wakitazama kando pamoja na msimamizi, wakataka gari lipitishwe upande wa kaskazini, kwenye mashimo ya mabomu yaliyozibwa ovyo kwa zege. Magurudumu yalirukaruka, meno ya Enoch yakagongana, na mguu wake ukaanza kudunda sakafuni bila kumwomba ruhusa. Mbele palikuwa na kona, na nyuma ya kona ukuta wa matofali wa ghala la ndege.

Tranter alikanyaga. Pedali ikazama hadi chini.

"Hamna kitu!" alipiga yowe.

Enoch alitaka kusema neno, lakini ulimi ulikuwa umeganda. Mguu tu ndio uliokuwa hai: du, du, du. Tranter alikuwa amekazia macho ukuta, lakini masikio yake yaliusikia mdundo huo, na mguu wake ukaufuata. Akakanyaga, akaachia, akakanyaga tena. Tupu. Mara ya tatu pedali ikawa nzito kidogo. Kisha breki zikashika, gari likaserereka kwa ubavu na kusimama karibu na ukuta kiasi kwamba Enoch aliona kuvu kati ya matofali.

Sauti ilipomrudia, Enoch alisema, "Ni yale mashimo. Sahani ikitikisika inazisukuma pedi nje. Ukikanyaga mara ya kwanza unazirudisha tu, hazijabana bado."

Wahandisi waliokuja mbio walitazamana. Mmoja akasema watatafuta dawa yake, lakini kwanza lazima wajue kama kugongagonga pedali mapema kunatosha. Gari lirudi kulekule. Msimamizi alimtazama Enoch akasema, kwa upole, kwamba leo desturi inaweza kuachwa.

"Mimi siendi bila mguu wake," Tranter alisema. "Fundi, ukianza kudunda, nami nadunda. Ila nakuomba kitu kimoja: usiache kuogopa."

Enoch alishuka, akaenda nyuma ya ghala akatapika. Aliporudi alikuwa amepauka kama unga. Alitazama kiti kwa muda mrefu, akapanda.

Hawajayafikia hata mashimo, mguu wake ukaanza. Tranter, kwa mara ya kwanza siku hiyo, alinyamaza kimya ili ausikie.